Pumzi, Fimbo na Kombolela: Mjadala wa Mwanza Kuhusu Mtoto Kujitawala

Mtoto wa miaka mitano akinyang'anywa kalamu ya rangi na mwenzake, ana nafasi finyu mno ya kuamua afanye nini. Atapiga, atalia, au atasema "nirudishie". Nafasi hiyo finyu ndiyo inayobishaniwa hapa. Wapo wanaoamini inapanuka mtoto anapofundishwa kutulia na kuifuatilia pumzi yake. Wapo wanaosema fimbo iliimaliza kazi hiyo zamani. Na wapo wanaouliza shule inapata wapi ujasiri wa kumdai utulivu mtoto ambaye hajanywa hata uji.

Jiji la Mwanza lina haki ya kuubeba mjadala huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapa ndipo kilipoanzishwa kituo cha Kuleana, kilichowapokea watoto wa mitaani na kutetea haki za mtoto wakati ambapo wengi waliona maneno hayo ni ya kigeni. Mmoja wa waasisi wake, Rakesh Rajani, baadaye alianzisha HakiElimu mwaka 2001 na Twaweza mwaka 2009. Hadi leo mashirika kama Railway Children Africa na Cheka Sana yanafanya kazi na watoto waliozikimbia nyumba zao na kuishia kwenye vibaraza vya mji. Kitaifa, Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomwangalia mtoto tangu anapozaliwa hadi anapotimiza miaka 8.

Sauti nne zimekutanishwa katika kurasa hizi. Hazikupewa majina ya watu, kwa sababu kila moja inabeba hoja inayosikika kwenye vikao vya wazazi, sokoni na katika ofisi za walimu. Kuna Mwalimu wa darasa la awali. Kuna Bibi, mwalimu mstaafu anayelea wajukuu. Kuna Mama, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Na kuna Daktari, mtafiti wa saikolojia ya watoto. Mazungumzo yao yametungwa, ila tafiti, sheria na takwimu wanazozitaja ni za kweli.

Kijiwe juu ya tumbo

Mwalimu ndiye anayeanza, maana ndiye mwenye jambo jipya la kutetea.

"Watoto wanalala chali kwenye mkeka," anaeleza. "Kila mmoja namwekea kijiwe juu ya tumbo, vile vijiwe vya mviringo vilivyolainishwa na maji ya ziwa. Nawaambia: tazama kijiwe chako. Ukivuta pumzi kinapanda, ukiitoa kinashuka. Usikiache kianguke. Siku za mwanzo ni vicheko tu na vijiwe kubingirika sakafuni. Wakishazoea, dakika mbili tatu zinapita darasa likiwa kimya bila mtu kunyamazishwa. Kisha tunakaa, nawauliza nani leo amekuja na hasira, nani ana hofu, nani ana furaha. Yule ambaye wiki iliyopita alikuwa akirusha daftari, sasa namwona anashika tumbo lake kwanza."

"Na kesho yake wanapigana," anasema Bibi.

"Wanapigana, Bibi. Lakini wanaachana mapema."

"Mapema kwa kipimo gani, mwanangu? Wewe umewapenda, kwa hiyo unaona unachotaka kuona."

Pingamizi hilo ni la haki, na Daktari analikubali kabla ya kulijibu. Zoezi la kijiwe, anasema, limo katika mtaala wa utulivu na wema uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani. Mwaka 2015 watafiti Lisa Flook, Richard Davidson na wenzao walichapisha matokeo yake. Watoto 68 wa chekechea waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa wiki 12, jingine likaendelea kama kawaida. Walimu waliwapa watoto wa kundi la kwanza alama za juu zaidi katika kuishi vizuri na wenzao. Watoto walipopewa stika wagawane na wengine, wale ambao hawakufanya mazoezi walizidi kuwa wachoyo kadiri muhula ulivyosonga.

"Watoto 68 ni wachache," Daktari anaongeza. "Na walimu waliotoa alama walijua nani yuko kundi gani. Bibi amegusa palepale."

Kisha anautaja utafiti unaowapunguza kasi waumini wa jambo hili. Nchini Uingereza, mradi wa MYRIAD uliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14 katika shule 84. Nusu ya shule zilifundisha mazoezi ya utulivu wa akili, nusu zikabaki na masomo yao ya kawaida ya stadi za maisha. Matokeo yalitoka mwaka 2022: mazoezi hayakuonyesha faida yoyote ya ziada kwa afya ya akili ya wanafunzi hao, na wengi wao hawakuyafanya wakiwa nyumbani.

"Sasa mbona unafundisha kitu kilichoshindwa?" Mama anamuuliza Mwalimu.

"Waliopimwa kule ni vijana, mama. Wangu wana miaka mitano. Na mimi sikuahidi muujiza. Ukiitoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo yanashuka. Hilo mtu yeyote anaweza kulipima kwa kidole kwenye mkono wake. Mtoto ambaye moyo wake umeshuka anaweza kunisikia. Nahitaji hilo tu ili nianze kufundisha."

Bibi na watoto wa Wanso

Bibi haoni kwa nini yote haya yatoke ng'ambo. "Samaki mkunje angali mbichi," anasema. "Sisi huku Usukumani tulifundishwa kungoja tangu wadogo. Ulingoja wakubwa wanawe kwanza. Ulitumwa ziwani na ndoo, ukirudi bila maji kwa sababu ulisimama kucheza, ulijua la kujibu. Ulichunga mbuzi siku nzima wasiingie kwenye mihogo ya jirani. Nani alituwekea vijiwe tumboni?"

Hapa Daktari anampa Bibi silaha asiyoitarajia.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaweka watoto wadogo mbele ya pipi laini na kuwaambia: unaweza kuila sasa, lakini ukingoja nirudi, utapata mbili. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto anayengoja atafanikiwa zaidi shuleni na maishani. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia uchunguzi huo kwa watoto zaidi ya 900, na uhusiano ule ukapungua kwa nusu. Walipozingatia kipato na elimu ya wazazi, ukafifia zaidi. Mtoto ambaye nyumbani kwao ahadi hutimizwa, na chakula cha kesho kipo, ana sababu ya kungoja.

Mwaka huohuo wa 2018, Bettina Lamm na wenzake walichapisha ulinganisho ambao wazazi wa Afrika wangepaswa kuufahamu. Waliwapima watoto wa miaka minne: 125 wa familia za tabaka la kati mijini Ujerumani, na 76 wa wakulima wa kabila la Wanso nchini Kamerun. Kule Ujerumani waliofaulu kungoja walikuwa takriban 28 kati ya kila 100. Wanso walikaribia 70. Wajerumani wadogo walihangaika kitini, waliimba, waligeuza uso. Wengi wa Wanso walikaa tu wametulia, na baadhi wakapitiwa na usingizi.

"Umesikia, Mwalimu?" anasema Bibi, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Hao hawakufundishwa kupumua."

Mwalimu hakubali kushindwa haraka. "Je, walikuwa wakichapwa?"

"Utafiti haukupima viboko," Daktari anajibu. "Uliona kwamba mama wa Kinso humfundisha mtoto tangu uchanga kuzuia hisia zake, kumtii mkubwa na kujua nafasi yake. Mama yuko karibu muda wote, matarajio yako wazi, kazi za mtoto zinajulikana. Malezi yanayodai utii yanaweza kumjenga mtoto anayejizuia, hata akiachwa peke yake chumbani. Hoja hiyo ni ya Bibi na siwezi kumnyang'anya. Lakini kudai utii na kutumia fimbo ni mambo mawili, na hapo ndipo tutakapotengana naye."

Kitabu cha adhabu

Sheria ya Tanzania haijaifukuza fimbo shuleni. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zinaruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, kumchapa mwanafunzi kwa kosa kubwa la nidhamu. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu iandikwe kitabuni. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili, na inasema adhabu yoyote isiyolingana na umri wa mtoto, hali ya mwili wake na akili yake haina uhalali.

"Mtoto wa awali anayemwaga maji ya mwenzake ametenda kosa kubwa la nidhamu?" anauliza Mwalimu. "Kalamu kuvunjika ni kosa kubwa? Kulia akimtaka mama yake? Fimbo inayobebwa mkononi darasani mchana kutwa, kitabu chake kiko wapi?"

Bibi anakaa kimya kidogo. "Kitabu nilikijaza miaka mingi," anasema. "Si kila fimbo iliingia humo. Hilo kila mwalimu wa rika langu analijua."

Takwimu zinamuunga mkono. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uligundua kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana nchini walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Asilimia 95 walisema wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa na mwalimu, na asilimia hiyohiyo na mzazi au mlezi. Waliochapwa zaidi nyumbani ndio walioonyesha zaidi ugomvi, utukutu na kutotulia.

"Labda walichapwa kwa sababu ni watukutu," anasema Bibi.

"Huenda, kwa baadhi," anakiri Daktari. "Utafiti ule ulipima mara moja tu, hauwezi kusema kipi kilitangulia. Lakini kama fimbo ingekuwa inatibu utukutu, tungetegemea waliochapwa sana wawe watulivu kuliko wenzao. Hawakuwa."

Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika wilaya ya Luwero nchini Uganda, jambo hili limejaribiwa kwa upana. Shirika la Raising Voices la Kampala liliandaa mpango wa Shule Bora, na shule 42 za msingi zikaingia kwenye jaribio: nusu zilipata mpango huo kwa miezi 18, nusu zikangoja. Katika shule zilizongoja, wanafunzi 49 kati ya 100 walisema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita. Zilizopata mpango, idadi ilikuwa 31. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walimu walikaa pamoja wakakubaliana njia nyingine za kuwarudi watoto, na wanafunzi wakashirikishwa kutunga kanuni.

Na upande huu wa mpaka, magharibi mwa ziwa, kuna kumbukumbu ambayo haifai kusahaulika. Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni akituhumiwa wizi wa mkoba wa mwalimu. Kesi ilifika Mahakama Kuu.

Mwalimu ana hoja moja ya mwisho juu ya fimbo, na ni ya mtu anayeingia darasani kila siku. "Darasa la fimbo liko kimya mwalimu akiwepo. Akienda ofisini kuchukua chaki, linalipuka. Kimya kile kilikuwa cha fimbo, watoto hawakuwa na chao. Mimi nataka nikitoka, wabaki nacho."

Mama anauliza habari ya dini, na ya uji

Mama amesikiliza muda mrefu. Ana maswali mawili.

La kwanza: hii kukaa kimya na kupumua si ibada ya watu wa Asia? "Mimi mtoto wangu anasali. Sitaki afundishwe ibada nyingine kwa mlango wa nyuma."

Daktari anamjibu bila kuficha. Mazoezi haya yana mizizi katika tafakuri ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliyachukua na kuyaondolea mafundisho ya dini ili kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Kilichobaki ni pumzi na usikivu. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza, na shule ina wajibu wa kumwalika aje akae mkekani aone kinachofanyika. Vilevile asilazimishwe mtoto yeyote kufumba macho. Aliyezoea kupigwa gizani akifumba macho haoni utulivu, anaona hatari.

Swali la pili ni zito zaidi. "Mimi saa kumi alfajiri niko Mwaloni nangoja dagaa. Anayemwamsha huyu mdogo, kumnawisha na kumvusha barabara ni dada yake wa miaka tisa. Siku nyingine uji upo, siku nyingine hakuna. Mnataka ajitawale. Na sisi tunaomtawala je?"

Hakuna anayepata jibu la haraka. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na watoto wakafurika madarasani. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi za pembezoni mwa jiji idadi hiyo inazidiwa mara kadhaa. Mwalimu aliyezingirwa na watoto hivyo, wengi wao na njaa, naye hujikuta amepandisha sauti kabla hajafikiri. Kijiwe juu ya tumbo hakimpunguzii mtoto hata mmoja.

"Ndiyo maana naanza na pumzi yangu mwenyewe," anasema Mwalimu. "Mtoto aliyefura hawezi kutulizwa na mtu mzima aliyefura."

Daktari anayaongezea maneno hayo sababu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia kufanya la kwanza linalokuja kichwani, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Kwa miaka yote hiyo mtoto anaazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye. Kwa mtoto wa Mama, anayeazimwa mara nyingi ni dada wa miaka tisa. Programu yoyote ya malezi kandokando ya ziwa inayomsahau dada huyo imemsahau mlezi.

Kopo katikati ya uwanja

Ni Bibi anayewatoa kwenye mkwamo. Anauliza kama watoto wa siku hizi bado wanacheza kombolela.

Anayeijua atakumbuka. Kopo tupu linawekwa katikati ya uwanja. Mmoja, mlinzi wa kopo, anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha nyuma ya miamba, migomba na kuta. Akimwona mtu anakimbilia kopo na kulitaja jina lake, aliyetajwa ametekwa. Lakini aliyejificha bado anaweza kuchomoka, akalipiga kopo teke, na mateka wote wakawa huru. Mtoto aliyejibanza nyuma ya jiwe anabana kicheko na kuzuia miguu yake isikimbie mapema. Anamhesabia mlinzi hatua hadi awe mbali na kopo. Akikosea, wenzake wote wanabaki mateka kwa ajili yake. Hakuna mtu mzima anayemsimamia.

"Hapo Bibi umefundisha somo langu lote," anasema Daktari. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, Megan McClelland na wenzake hupima uwezo wa mtoto kujitawala kwa mchezo: mtoto akiambiwa "shika kichwa" anatakiwa ashike vidole vya miguu, na kinyume chake. Mwaka 2011 yeye na Shauna Tominey walichapisha jaribio la michezo ya kusimama na kwenda kwa ishara za rangi, zinazogeuzwa maana kila mara. Miongoni mwa watoto walioanza wakiwa nyuma katika kujizuia, waliocheza walipiga hatua. Michezo hiyo haina vifaa vya kununua na inachezeka na watoto wengi kwa pamoja.

Mama anaikubali hiyo bila masharti. Dada wa miaka tisa anaijua kombolela, na hahitaji semina ili kumfundisha mdogo wake. Mwalimu anasema ataianza asubuhi kabla ya kijiwe, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kukimbia hulala mkekani kwa radhi yake.

Uamuzi

Mizani ya ushahidi iko hivi. Mazoezi ya pumzi kwa watoto wadogo yana faida ndogo, yenye tafiti chache, na hayana gharama. Yaendelee, bila kutangazwa kuwa dawa. Michezo ya kujizuia ina msingi imara zaidi na tayari ni mali ya watoto wa Mwanza. Malezi ya matarajio yaliyo wazi, aliyoyatetea Bibi, yana ushahidi wa Kamerun nyuma yake na hayapaswi kudharauliwa kwa kuwa ni ya kijijini. Fimbo katika darasa la awali haina utetezi uliobaki: kanuni zenyewe ziliiwekea mipaka ambayo mtoto wa miaka mitano hawezi kuivuka, na tafiti hazikuiona ikizaa watoto watulivu.

Wakuu wa shule za awali na msingi za Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba na Ukerewe wanaweza kuanza bila kungoja waraka. Kikao cha kwanza cha muhula wawaite wazazi, fimbo itolewe kwenye darasa la awali kwa makubaliano yaliyoandikwa, nusu saa ya asubuhi itengwe kwa michezo na dakika tano kwa pumzi. Halmashauri nazo zilete walimu na uji. Mzazi unayesoma haya, uliza mwezi huu kama kitabu cha adhabu cha shule ya mwanao kipo, na nani alikisaini mara ya mwisho.